Mwalimu Aliyekula Chaki

Mimi ndiye niliyesema kwamba kaka yangu ana wazimu. Nilisema mara moja tu, kwa sauti kubwa, saa nne asubuhi, mbele ya nusu ya kijiji. Watu wakianza kutafuta wa kulaumiwa, huyu akitaja vita, yule akitaja uchawi, mwingine bangi, mimi huinamisha kichwa, kwa sababu neno lile lilitoka kinywani mwangu.

Tulikuwa Kalembe, kwetu, pale wilaya ya Masisi inapoishia na Walikale inapoanza. Nyumba yetu na shule viko upande wa Masisi. Shamba la maharage na mihogo alilotuachia baba liko ng'ambo ya mto, upande wa Walikale. Katikati kuna daraja la miti. Mtu wa Kalembe hulala Masisi akalima Walikale wala hafikirii kitu, mpaka siku watu wenye silaha watakapokuja kukaa darajani.

Kaka yangu alinizidi miaka saba. Alifundisha hisabati, mimi nikafundisha Kifaransa, na madarasa yetu mawili yalitenganishwa na ukuta wa mbao wenye matundu mengi kuliko mbao. Nyumbani nilimwita Yaya, kama tunavyomwita kila mkubwa wetu. Shuleni nilimwita profesa, naye akaniita madame kwa uso mkavu kabisa, na tukifika njiani tunaangua kicheko.

Kuna neno moja ambalo lazima nilieleze hapa, maana lilitufikisha pabaya. Neno lenyewe ni motivasio. Ni la Kifaransa, na kwenye kamusi lina maana ya sababu inayomsukuma mtu kutenda jambo. Kwetu maana hiyo hakuna anayeijua. Kwetu motivasio ni kile kidogo ambacho wazazi walimchangia mwalimu kila mwezi, kwa kuwa Leta, yaani serikali, ilikuwa haijamkumbuka. Kisha ikatangazwa kwamba shule ni bure. Wazazi wakapiga vigelegele, motivasio ikaisha, na walimu ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha ya mshahara wakabaki mikono mitupu. Walimu hao tunawaita enpe, herufi mbili za Kifaransa zinazosema kwamba mtu halipwi. Mimi nilikuwa nalipwa. Kaka yangu, aliyenifundisha kusoma, alikuwa enpe mwaka wa kumi sasa.

Alilima alfajiri, akanawa miguu mtoni, akaingia darasani. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na jambo hilo lilikuwa likinichemsha damu. Nilimwambia aache ualimu, aende kwenye mashimo ya madini huko Walikale kama wenzake, wifi yangu apate hata kitenge kipya. Alinijibu kwamba darasa la sita bado halijaelewa pembetatu. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Nilimpenda na nilitamani kumpiga.

Kwenye kabati la shule kulikuwa na kitabu kimoja cha mchezo wa kuigiza wa kale, ambacho panya walikula jalada lake pamoja na kurasa za mwisho. Hatukujua kinaitwaje wala nani alikiandika. Habari yake ni ya mfalme anayerudi kutoka vitani na kuanza kuhisi kwamba kila aliyeketi mezani pake anamcheka. Anapayuka, anaongea na viti, na katika ukurasa wa mwisho uliosalia anamchoma kisu ndugu yake, mtu pekee aliyekuwa upande wake. Nilikipenda kitabu hicho. Kila mwaka niliwauliza wanafunzi swali lile lile: je, mfalme huyu ana wazimu kweli, au ana sababu? Mwaka ule nililiuliza kwa maneno ya mtihani. Nikaandika kwenye tablo, yaani ubao, kwa Kifaransa, nini motivasio ya mfalme.

Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Madame, mufalme nani angemulipa?"

Darasa likacheka. Mwenzake akadakia: "Hawakumupatia motivasio, njo maana kichwa yake iliruka!"

Nilicheka mpaka nikakaa. Ng'ambo ya mbao nikasikia kaka yangu naye akicheka peke yake mbele ya darasa lake, halafu akagonga ukuta kwa kidole na kusema, "Madame, hesabu yenye majibu mawili si hesabu." Ndivyo tulivyokuwa. Niliona wazimu ni mada, kitu cha kuandikia kurasa mbili na kupewa alama.

Wenye silaha walipokuja kukaa darajani walifunga kamba kati ya nguzo mbili, wakaiita barieri. Anayetoka shambani anaacha sehemu ya alichobeba, anayekwenda shambani anaomba ruhusa. Komanda wao alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi, mpole wa sauti, na upole wake ulitutisha kuliko bunduki. Tulizoea. Ninaona haya kuandika hivyo, lakini tulizoea, kama unavyozoea jino bovu.

Asubuhi niliyotaja, wifi yangu alikuwa anarudi na beseni la maharage. Alisema jana yake aliacha nusu, leo watoto watakula nini. Wakamwambia apige magoti kando ya kamba, beseni kichwani, mpaka ajifunze kuongea na wakubwa. Jua likapanda, naye yuko pale pale. Habari ilifika shuleni kupitia dirisha. Nilimsikia kaka yangu akiwaambia wanafunzi wamalize zoezi la tatu. Nilidhani anakwenda kuita prefe, mkuu wa shule. Nilipochungulia kwenye tundu la mbao niliona ubao, na zoezi, na yeye hayupo.

Nilimkuta darajani. Alikuwa ameshafungua kamba upande mmoja na sasa anaikunja kwenye kiwiko, taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, kama tunavyokunja kamba ya kupimia shamba. Wale vijana wenye bunduki walikuwa wamepigwa na butwaa. Nadhani ndiyo maana hawakumpiga risasi papo hapo.

"Masomo iko na lazima ya kamba," aliwaambia. Masomo kwetu ni shule. Kisha akamgeukia mkewe: "Inuka, mama. Twende ku nyumba."

Hapo ndipo walipozinduka. Walimwangusha chini, uso kwenye matope, na mmoja akamkanyaga shingo. Komanda akatoka kibandani akifuta mdomo. Wanafunzi walikuwa wamenifuata, na watu wa sokoni nao walikuwa wanakuja.

"Huyu njo nani?" komanda aliuliza kwa ile sauti yake ya upole.

"Mwalimu," mtu akasema.

"Mwalimu gani anafungua barieri yangu?" Akamwashiria kijana mmoja, na kijana akaandaa bunduki. Nilisikia ule mlio mdogo wa chuma.

Sikufikiri. Ningependa kusema nilifikiri, lakini hapana. Nilijitupa magotini na neno likatoka lenyewe.

"Papa komanda, musamehe! Huyu muntu iko na wazimu! Kichwa yake haiko muzuri tangu iko mutoto!"

"Wazimu anafundisha?"

"Anafundisha miaka kumi, papa, na Leta haimulipe. Wazazi hawamulipe. Hakuna motivasio, hakuna kintu. Na kila asubui anakuja! Muntu wa akili anaweza kufanya vile? Uliza hawa wote!"

Komanda aliwatazama watu. Watu wakaitikia kwa vichwa, wote, maana ilikuwa kweli.

"Miaka kumi?"

"Kumi."

"Bure?"

"Bure, papa."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Vijana wake nao wakacheka, na yule wa bunduki akaishusha. "Haya," komanda alisema alipopata pumzi. "Kama iko wazimu, atuonyeshe."

Wakamwinua. Uso wote ulikuwa matope. Alinitazama, na nilijua ameelewa kila kitu: nimefanya nini, na kwa nini, na kwamba sasa ni zamu yake. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa chaki aliyokuwa akiandikia zoezi la tatu, chaki ndefu, karibu nzima, akaitia mdomoni na kuanza kuitafuna. Aliitafuna yote. Ute mweupe ulimtoka pembeni mwa mdomo ukateremka kwenye matope ya kidevu. Wenye bunduki walicheka. Watu wa soko wakacheka, kwa hofu nadhani. Kisha nikasikia nyuma yangu kicheko kingine, chembamba, na sikuhitaji kugeuka ili kujua ni wanafunzi wake.

"Basi," komanda alisema. "Wazimu apite. Lakini wazimu hafundishe watoto. Siku nitamukuta mbele ya tablo, nitajua iko na akili na mulinidanganya. Siku ile njo nitamuua."

Tulikwenda nyumbani sisi watatu, wifi katikati. Kaka yangu alisukutua mara nyingi. Wifi alinishika mkono akaubusu, akasema nimemrudishia mume. Mimi nilijiona shujaa kwa siku nzima na sehemu ya siku iliyofuata.

Kisha tukagundua kwamba wazimu si kitu cha siku moja. Komanda alikuwa na macho kila mahali, na mtu aliyeokolewa kwa sababu ni mwendawazimu hawezi kuonekana kesho yake amevaa shati safi akinunua chumvi. Kaka yangu aliliona hilo kabla yangu. Akaacha kunyoa. Akavaa koti lililotoboka, amelipindua nje ndani. Kila asubuhi alipita darajani na jembe begani akiimba hesabu za kuzidisha: mbili mara mbili tano, tatu mara tatu kumi na moja. Wale vijana walimpenda. Walimwita Profesa na kumpa sigara, ingawa havuti. Hakutakiwa kuomba ruhusa, hakupunguziwa beseni. Kijiji kizima kiliacha nusu ya chakula kwenye ile kamba isipokuwa sisi. Tulikuwa tunakula wazimu wake, na tulishiba.

Alasiri akirudi kutoka shambani alikaa jikoni, akavua lile koti, na kuniuliza kwa sauti yake halisi, "Leo nilifanya vizuri?" Nilimpa alama, saba juu ya kumi, nane juu ya kumi, na nikamwambia ile ya kubweka mbele ya mbuzi ilizidi. Tulicheka kidogo. Wifi hakucheka. Baada ya miezi mitatu hivi kaka yangu aliacha kuuliza, na mimi, kwa uvivu au kwa woga, sikumkumbusha.

Darasa lake lilikosa mwalimu. Prefe aliwaacha wanafunzi wakae wenyewe na madaftari yao saa za hisabati. Mchana mmoja, baada ya kengele, nilizunguka nyuma ya shule kutafuta mbuzi wetu. Hapakuwa na mtu yeyote. Kaka yangu alikuwa amesimama ameweka jicho kwenye tundu la mbao, anatazama ndani ya darasa lake, na darasa lilikuwa tupu. "Mbili mara mbili tano," alisema. "Mbili mara mbili tano." Hakuna aliyekuwa akimtazama. Nilimwita. Aligeuka polepole.

"Niko nafanya mazoezi," aliniambia.

Nikasema sawa. Nikaendelea kutafuta mbuzi. Wiki ile ile nilikuwa nasahihisha insha za mfalme, na nilipofika pale mwanafunzi alipoandika kwamba mfalme alianza kwa kuigiza kisha akasahau njia ya kurudi, niliiweka kalamu chini na sikusahihisha tena siku hiyo. Wala sikumpa alama yoyote, maskini, mpaka leo hajui kwa nini.

Vita vilipowashwa upya ilikuwa asubuhi ya soko. Hatukuchagua chochote. Tulitembea siku nne kupita vilima vya ng'ombe, tukilala makanisani, mpaka Sake. Hapo barabara za Goma, Masisi na Minova hukutana, na watu waliokimbia hukutana vilevile, wamejipanga kwenye mawe meusi ya volkano chini ya shitingi, yale maturubai meupe ya msaada. Nilimwambia kaka yangu siku ya kwanza: "Yaya, imeisha. Hapa hakuna komanda." Alitazama kushoto na kulia. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeonja chakula cha moto, "Mbili mara mbili, nne." Tulishikana na kulia pale pale kando ya barabara. Niliamini kabisa kwamba nimempata.

Prefe wetu naye alikuwa Sake. Alianzisha shule chini ya shitingi tatu kwa ajili ya watoto wa wakimbizi, na darasa la sita lilipaswa kufanya mtihani wa Leta bila mwalimu wa hisabati. Kaka yangu aliposikia, alinyoa kichwa na ndevu kwa wembe, akaazima shati kwa mchungaji, akamwendea. Prefe alifurahi, nilimwona. Lakini alisema lazima wazazi waulizwe kwanza, kwa kuwa wengi wao walitoka Kalembe na walikuwa wameanza kunong'ona.

Mkutano ulifanyika Jumamosi mchana. Wazazi walikaa juu ya mawe, kaka yangu akakaa mbele yao kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Sijawahi kumwona mtu akitaka kitu namna ile. Hakuwa akitaka mshahara, hakuutaja hata mara moja. Alitaka arudishwe mbele ya ubao.

Mama mmoja, ambaye mtoto wake alifundishwa naye miaka miwili, alianza kwa upole. "Siye hatumuchukie, prefe. Tunamuhurumia. Lakini alikula chaki mbele ya watoto wetu. Miezi nane alikuwa anabweka mu njia."

Nilisimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu usiku. Nikasema ni mimi niliyedanganya, kwamba kaka yangu hajawahi kuwa na wazimu hata siku moja, kwamba aliigiza ili tusiuawe. Nikawaeleza yote. Na katikati ya maelezo hayo nilikumbuka ule mchana nyuma ya shule, na sauti yangu ikayumba. Ilikuwa ni kidogo tu. Lakini wazazi wa Kalembe wananijua, na walisikia.

"Dada, tunakuelewa," mama yule aliniambia. "Ni damu yako. Ata mimi ningesema vile."

"Si uongo, mama, nakuapia!"

"Weye mwenyewe ulisema tangu iko mutoto. Tulikuwa pale. Ulipiga magoti."

Hapo mzee mmoja, mkulima wa upande wa Walikale, akaomba neno. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kutenda haki, na ndiyo maana alimuuliza mwenyewe. "Mwalimu, tuambie weye. Miaka ile kumi, bila Leta, kisha bila motivasio, ulikuwa unafundisha juu ya nini?"

Kaka yangu alisimama. Alifunga kifungo cha juu cha lile shati la mchungaji. Nilimwomba Mungu ampe jibu lolote: kwamba alisubiri kuorodheshwa, kwamba aliahidiwa kitu, kwamba alikosa pa kwenda. Jibu lolote la mtu mwenye akili.

"Nilikuwa napenda," alisema. "Mutoto anaangalia tablo, haelewe. Haelewe, haelewe, kisha anaelewa. Uso yake inabadilika. Nilikuwa napenda kuona ile."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Wanawake waliangalia miguu yao, yule mzee akaketi taratibu, na mtu mmoja nyuma akasema "masikini" kwa huruma ya kweli. Prefe alikohoa, akasema watafikiria. Jumatatu darasa alipewa kijana aliyekuwa akiuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, huko Bweremana, aliyesoma chuo miaka miwili. Ni kijana mzuri. Simlaumu.

Siku tatu kaka yangu alilala kwenye mkeka uso ukielekea shitingi. Siku ya nne aliamka mapema, akavaa shati, akachukua mfuko wake wa vitabu. Wifi alikuja kuniita mbio. Nilimkuta kwenye njia panda, kando ya lori la Masisi lililokuwa likipakia magunia ya chumvi.

"Yaya, unaenda wapi?"

"Kalembe."

"Kufanya nini?"

"Kufundisha. Kuna watoto walibakia kule, hawana mwalimu."

"Komanda iko kule bado!"

"Najua."

"Alisema akikukuta mbele ya tablo atajua uko na akili. Atakuua, Yaya!"

Alinitazama kwa utulivu, kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyekaribia kupata jibu. "Njo maana naenda. Hapa Sake hakuna ata mumoja anaamini niko na akili. Weye mwenyewe, siku ile nyuma ya masomo, uliacha kuamini. Nilikuona. Kule iko muntu mumoja ataamini."

Miaka yote niliwafundisha watoto kutafuta sababu ya mfalme, na sasa nimesimama mbele ya sababu yenyewe, imevaa shati la kuazima, na sijui niiweke upande upi. Mtu anayekwenda kufa ili aaminiwe ana akili zake? Na kama hana, mbona kila neno alilosema lilikuwa sahihi?

Pembeni yetu kulikuwa na vijana wa pikipiki, wapakizi wa magunia, wanawake wa mihogo. Wote walikuwa wamesikia habari zake. Ningepaza sauti tu, "Mumushike, iko na wazimu!" na mikono ishirini ingemkamata. Wangemfunga kwa kitenge na kunirudishia mkekani, hai. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Aliliona likija. Alisimama mguu mmoja juu ya tairi, mmoja chini, akanisubiri.

"Sema, kama unataka," aliniambia.

Sikusema. Wifi alikuwa akinivuta nguo, akilia, "Sema, dada, sema!" na mimi nikafunga mdomo mpaka taya zikauma. Mpakizi mmoja akampa mkono, kaka yangu akapanda, akaketi juu ya magunia ya chumvi na mfuko wake mapajani. Lori likaondoka. Wifi hajaniongelesha tangu siku ile, na ana haki yake. Mara ya kwanza nilimwokoa kaka yangu kwa kumvunjia heshima. Mara ya pili nilimpa heshima yake, na sasa silali.

Tangu hapo, kila mtu anayeshuka kutoka juu, upande wa Kalembe, namuuliza swali moja. Simuulizi kama amemwona kaka yangu, siwezi. Namuuliza kama Kalembe kuna shule. Wananishangaa. "Masomo gani, dada? Kule ata kuku haiko tena." Nami nashukuru. Mwalimu mzima ninaomba watoto wasisome, kwa sababu maadamu hakuna shule, basi huenda alishuka njiani, huenda anachunga ng'ombe wa watu kwenye vilima, huenda anapita mahali na jembe begani akikosea hesabu kwa makusudi.

Juzi sokoni alikuja mama mmoja ambaye simjui, ametoka Kalembe wiki hiyo hiyo. Alikuwa amepiga magoti, anapanga mihogo yake chini. Nilimuuliza kama kule kuna shule.

"Ilikuwako," alisema bila kuinua kichwa. "Ilimaliza juma mbili tu."

Kisha akaniuliza kama nanunua.